Mikono Nyuma

Machi 3

Mvua imeanza leo alfajiri, na Kaka ameondoka nayo. Alitaka kuwahi kabla barabara haijageuka uji. Naandika kwa sababu jana tumekubaliana jambo, na katika familia hii makubaliano hubadilika kila yanaposimuliwa.

Mama ametoka hospitali. Nyonga iliyovunjika imeungwa kwa chuma, na daktari aliyempasua anasema mfupa umeshika vizuri. Kaka anataka amchukue akaishi kwake, mji mwingine, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Mama hataki hata kusikia. Mimi niko katikati kama nyama kati ya vipande vya mkate.

Kaka si mtu mbaya. Siku Mama alipoteleza bafuni, alilala sakafuni tangu nilipotoka kwenda kazini mpaka niliporudi jioni. Kaka hajaisahau siku hiyo, na mimi pia sijaisahau. Jana akamwambia, "Mama, sikatai ubaki kwako. Nionyeshe kitu kimoja tu. Keti sakafuni, kisha uinuke mwenyewe bila mtu kukugusa. Ukiweza, sina neno tena. Mvua zikiisha na bado huwezi, tunafungasha."

Mama akasema, "Nimepikia shule nzima miaka na miaka nikiwa nimesimama, tangu chai ya asubuhi mpaka kuosha sufuria la mwisho. Leo unanifundisha kuinuka?"

"Kusimama sijakukatalia. Ninachouliza ni kuinuka."

Mama akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Kwa sasa hawezi kutoka hata kitini mpaka ashikwe.

Machi 6

Amekuja mtaalamu wa viungo kutoka hospitali. Mwanamke mfupi, mabega mapana, raba miguuni, na hacheki mpaka kazi iishe. Alipotoka tu mlangoni Mama akamwita Afande, na jina limeshika.

Kwanza walisalimiana kwa mkono, nikaona Afande anakunja uso. Kukoroga masufuria ya shule kwa mwiko mrefu kama jembe si mchezo.

"Mama una nguvu," akasema.

"Ndilo ninalowaambia hawa watoto."

"Za mkono. Haya, inuka."

Mama akajikaza, akauma meno, kiti kikalia, yeye akabaki palepale. Afande hakumhurumia wala hakumcheka. Akavuta stuli, akakaa mbele yake.

"Nguvu si kitu kimoja, Mama. Kuna nguvu ya kunyanyua mzigo mzito mara moja. Kuna nguvu ya kudumu, ile ya kufanya kazi kutwa nzima bila kuketi. Na kuna nguvu ya haraka, inayokudaka mguu ukiteleza. Wewe ulikuwa na ile ya kudumu kwa sababu ndiyo uliyoudai mwili wako kila siku. Zile nyingine hukuzidai, kwa hiyo mwili ukaacha kuzitengeneza."

"Basi mwili wangu una roho mbaya."

"Ni bahili tu. Haukupi usichoudai."

Dawa yake ni hii: Mama akae kitini, ainuke polepole, aketi polepole, tena na tena, kila siku. Ikishakuwa rahisi, aongezewe uzito. "Zoezi likiwa rahisi limeshakufa," Afande akasema. Akanigeukia mimi: "Wewe uwe karibu kwa ajili ya usalama. Karibu tu, basi." Atakuwa anakuja kila baada ya wiki mbili.

Machi 7

Mvua. Mama analalamika mapaja. Mimi bega linaniuma, nadhani nimelilalia vibaya.

Machi 10

Jumapili. Nimeshona mifuko ya mchanga. Nilichukua vipande vya kitambaa cha sare vilivyobaki kazini, vile vizito vya suruali, nikavipiga mshono mara mbili. Miwili midogo ina kamba za kufunga kwenye vifundo vya miguu. Mingine mikubwa kidogo itaingia kwenye mkoba wa mgongoni, ule wa Kaka wa shuleni, ambao Mama amekataa kuutupa mpaka leo.

Mama alipovaa mkoba akajitazama kwenye kioo. "Nimeandikishwa darasa la kwanza."

"Una chakula cha mchana?"

"Nina mchanga. Kama chakula chenu siku hizi."

Machi 13

Tumeshapata utaratibu. Mimi hurudi kutoka kiwandani, navua viatu vyenye tope, Mama yuko tayari kwenye kiti cha mbao na mkoba mgongoni, redio imezimwa. Nasimama ubavuni kwake, natia mkono chini ya kwapa lake asije akaanguka, nasema, "Haya, Mama." Anainuka. Anaketi. "Haya, Mama." Mvua inapiga bati juu, na sisi tunapanda na kushuka.

Machi 14

Kama jana.

Machi 15

Kama jana. Mama katukana mara moja.

Machi 19

Leo tumegombana. Mama alisema mkoba umekuwa mzito kuliko jana. Nikamwambia mchanga hauzai. Akasema mzito. Nikasema ni uvivu, kwamba akitaka ghorofa ya tatu aseme tu nimpigie Kaka simu sasa hivi.

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," akasema, akavua mkoba, akanipa.

Ulikuwa mzito kweli. Niliuacha jana kwenye kizingiti cha dirisha, mvua ikaingia, mchanga umekunywa maji mpaka umeshiba. Nilimwomba radhi. Amekubali, lakini amenitania jioni nzima: kila nikimwita anajibu, "Mvivu naja."

Machi 21

Afande hakuja. Daraja la bondeni limefunikwa na maji. Amepiga simu kuuliza hali. Nimemwambia tunaendelea vizuri na tumeongeza mfuko.

Machi 28

Tumeongeza mfuko wa pili! Mama anainuka na mzigo wote huo mgongoni, wala hapumui kwa shida. Nimempigia Kaka. Akasema, "Kweli?" Nikasema njoo uone. Akasema atakuja mvua zikiisha kama tulivyokubaliana, na kwamba amekwisha kupaka chumba rangi, rangi ya maziwa, Mama anaipenda.

Mama hajawahi kupenda rangi ya maziwa. Anasema inamkumbusha uji uliomwagika.

Aprili 2

Blauzi yangu ya bluu imebana mikononi. Hii sabuni mpya inafanya nguo zisinyae. Nimebadili sabuni.

Aprili 4

Daraja bado. Mifuko mitatu. Mama hoi, mimi hoi.

Aprili 9

Mvua imetoboa bati juu ya jiko, nimeweka sufuria lidake. Mama amesikiliza matone akasema hiyo ndiyo saa pekee ndani ya nyumba hii inayokwenda sawa.

Kazini tuna sare za muhula mpya, magunia ya kola. Mkasi, yule mwenzangu anayekata vitambaa, aliniuliza kwa nini siku hizi nina furaha. Nikamwambia Mama anapona. Nimeitamka kwa sauti na nikaamini.

Aprili 12

Mwenye kiwanda anatushonea makoti mapya ya kazi, kwa hiyo leo tumepimana. Mkasi alinipima mimi. Alipofika mkononi akasimamisha kazi, akarudia, akaniambia nilegeze.

"Nimelegeza."

"Mkono wa kulia umezidi wa kushoto. Na yote miwili imezidi ya mwaka jana. Unabeba magunia sokoni kwa siri?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikasema ni unene wa mvua, mtu anakaa ndani anakula. Mkasi akanibonyeza msuli kwa kidole gumba. "Huu si unene, shoga. Hapa hapabonyei."

Mimi hupima watu kila siku. Mtu akiingia mlangoni najua kifua chake kabla sijachukua utepe. Nimerudi nyumbani sikufikiri zaidi.

Aprili 17

Leo nitaandika kirefu, maana nikilala bila kuandika sitalala.

Daraja limefunguliwa na Afande amekuja. Nilikuwa nimepanga kumshangaza. Mama kiti cha mbao, mkoba mgongoni, mifuko mitatu. Nilikuwa natabasamu kama mtu aliyeoka keki.

Afande akautazama mkoba, akaupima kwa mkono, akainua nyusi. Kisha akaniambia, "Dada, naomba maji ya kunywa."

Nikaenda jikoni. Nikasikia Afande anasema, "Haya Mama, inuka." Kimya. Kiti kikalia. "Tena." Kimya. "Vua mkoba. Sasa inuka." Nikatoka na glasi mkononi. Mama ameketi vilevile, jasho limemtoka puani, mikono juu ya magoti. Hakuwa ameinuka hata kidogo.

Nikasema haraka, "Leo amechoka. Jana tulifanya nyingi."

"Sawa," Afande akasema. "Fanyeni kama mnavyofanya siku zote."

Nikaweka glasi mezani. Nikaenda ubavuni, nikatia mkono pale pa siku zote. "Haya, Mama." Akainuka vizuri kabisa.

Afande akaniambia niketi kwenye kile kiti. Akaja ubavuni mwangu, akatia mkono chini ya kwapa langu. "Inuka." Nikainuka. Ni kweli nilitumia miguu, lakini kidogo tu. Nilikwenda juu kama mtoto anayetolewa kwenye beseni.

"Nani ameinuka?" akauliza.

"Mimi."

"Hapana."

Akanishika mkono wa juu, palepale alipobonyeza Mkasi. "Huu mkono umefanya mazoezi mazuri sana. Mzigo mzito, polepole, kila siku, na mzigo umeongezwa kwa utaratibu. Yote niliyoagiza yamefuatwa. Mwenye kupata nguvu amekuwa mwingine, basi."

Sikujua niweke uso wapi. Mwezi na nusu. Nimekuwa nikimpigia Kaka simu, nikijigamba, na kumbe nimekuwa nikimnyanyua Mama pamoja na mchanga wote ule kwa mkono wangu mmoja. Nilianza kusema nilikuwa naogopa aanguke. Afande hakunikatiza, lakini hakusema "usijali" pia, na hilo namshukuru.

Kisha nikamgeukia Mama. "Wewe hukujua?"

Mama alikuwa anavua kamba za vifundoni, ameinamisha kichwa. "Nilijua."

"Ulijua! Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu hajui anapobebwa?"

"Mbona hukusema?"

Akakunja kamba, akazikunjua, akazikunja tena. "Tangu baba yenu afariki hakuna mtu aliyenishika. Mnanisalimia, mnanipa dawa, mnaniletea chai. Kushikwa ni kitu kingine. Wewe ulikuwa unakuja kila jioni, unanishika, unasema haya Mama. Nikaona nikisema utaacha."

Afande akaenda kusimama dirishani kuangalia mvua, kwa adabu. Mimi nilirudi jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi, nikalia juu yavyo. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu, na chini ya vyote viwili nilimhurumia Mama.

Niliporudi, Afande alikuwa ameweka mito juu ya kiti, mmoja juu ya mwingine, mpaka kimekuwa kirefu karibu sawa na meza. Mama akaketi juu kabisa, miguu ikigusa chini kwa shida. "Inuka." Kutoka kimo hicho, aliinuka. Mwenyewe. Ilikuwa ni kushuka zaidi kuliko kuinuka, lakini mkono wa mtu haukumgusa.

"Tunaanzia hapa," Afande akasema. "Kila akizoea, mnatoa mto mmoja. Mchanga uwekeni kando kwanza, mwili wake wenyewe unatosha kuwa mzigo. Na wewe dada, mikono nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya mgongo wako. Ifunge."

Aprili 18

Mito yote. Nilisimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride. Mama akiyumba tu, mikono yangu inatoka yenyewe. Mama anapiga ukelele, "Mikono nyuma!" Sauti ile ile aliyokuwa akiwafukuzia watoto jikoni kwake.

Aprili 20

Nimemwambia Kaka ukweli kwa simu. Akasema, "Mdogo wangu, mimi sitaki kumshinda mtu. Nataka nisipigiwe simu ile tena." Nikamwambia najua. Nilikuwa nikimwona kama adui wa nyumba hii tangu Machi. Leo nimesikia tu mtu anayeogopa, na anaogopea mbali, jambo ambalo nadhani ni gumu zaidi.

Aprili 24

Tumetoa mto mmoja. Mama ametaka tuutupe kabisa, asiuone tena.

Aprili 27

Mvua imepiga kutwa. Mto wa pili umetoka, umerudi, umetoka.

Mei 1

Sikukuu ya wafanyakazi, sikwenda kazini. Afande amekuja hata hivyo. Mama sasa anainuka kwenye kiti kitupu, polepole, uso umekunjamana, lakini anainuka. Mkoba umerudi mgongoni na mfuko mmoja tu. Safari hii nautazama ule mfuko kwa heshima.

Afande ameongeza jambo. Baada ya zile za polepole na mzigo, Mama avue mkoba, kisha ainuke kwa kasi, kama aliyesikia maziwa yanafurika jikoni.

"Haraka haraka haina baraka," Mama akasema.

"Kwenye kupika, sawa. Ukiteleza bafuni, sakafu haikusubiri umalize methali."

Akaeleza kwamba mtu anaweza kujenga nguvu ya kunyanyua na bado mguu wake ukawa mzito kuitika. Mzigo mkubwa unaufundisha msuli kusukuma. Kasi inaufundisha kuwahi. Kimoja kinasaidia kingine lakini hakikifanyii kazi yake. Mama alisikiliza, na najua alikuwa anasikiliza kwa sababu hakutania.

"Kwa hiyo hii ni nguvu ya kushtuka," akasema mwishoni.

Afande akacheka, na kazi ilikuwa haijaisha. "Nitawaambia na wengine hivyo hivyo. Nguvu ya kushtuka."

Mei 4

Nimekuwa mpiga kelele wa maziwa. Nasema "Yanafurika!" Mama anaruka. Jirani amegonga ukuta kuuliza kuna nini.

Mei 8

Mvua inapungua. Mawingu yanakuja, yanatishia, yanaondoka. Zamani ningefurahi. Sasa kila asubuhi nikiona jua naona Kaka anapanda basi.

Mei 12

Sakafu.

Kuna njia yake, na Afande ametuonyesha. Mtu anajigeuza ubavu, anapiga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, anatambaa mpaka kwenye kiti, anaweka viganja juu yake, analeta mguu mmoja mbele, ule mzima, kisha anasukuma. Kiti kinaruhusiwa. Mtu haruhusiwi.

Kushuka Mama alishuka mwenyewe akishikilia kiti. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akaketi kwenye mkeka. Kujigeuza aliweza. Kutambaa aliweza, kwa matusi. Mguu ukaja mbele. Akasukuma. Goti likatetemeka, likatetemeka, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi chini. Mara ya tatu hakuusogeza hata mguu.

Mikono yangu ilikuwa nyuma na nilikuwa nimejiminya vidole mpaka vinauma. Nikamuuliza nimwinue. Akasema hapana. Basi nikaketi naye mkekani.

Akanisimulia habari za siku ile bafuni, ambayo hajawahi kuisimulia. Alisema alikuwa akisikia watu wakipita nje. Alimsikia jirani akianika nguo na kuimba. Angeita angesikika, dirisha lilikuwa wazi.

"Kwa nini hukuita, Mama?"

"Nilikuwa naoga. Nikasema sitaita watu waje wanione hivi. Nikajiambia ngoja nivute ile taulo kwanza nijifunike, ndipo niite. Taulo ilikuwa juu kidogo tu. Nikainyooshea mkono mpaka jioni."

Sisi wote tulidhani alikuwa amezirai. Daktari aliandika hivyo, na yeye akaacha hivyo hivyo.

"Kwa kaka yako nitakuwa mgeni," akasema. "Mgeni hata akianguka anaomba radhi. Mimi nataka nikianguka niangukie kwangu, niinuke, nioge tena, na mtu asijue."

Tulikaa mpaka akapumzika. Halafu akajaribu mara ya nne, goti likatetemeka, akarudi chini. Ikabidi nimwinue. Nilimwinua kwa mkono mmoja bila shida yoyote, na nilichukia wepesi wake.

Mei 13

Sakafu. Hapana.

Mei 14

Sakafu. Hapana. Usiku wa jana nimeteremsha taulo zote bafuni, nimezitundika kwenye misumari chini, usawa wa goti. Mama ameziona asubuhi. Chai yangu leo ilikuwa na sukari ya kutosha.

Mei 16

Afande anasema goti linakwama pale pale kila siku, katikati, ambapo nguvu ya kunyanyua inahitajika yote kwa pamoja. Ameagiza Mama apande na kushuka ngazi ya mlango wa nyuma na mkoba mgongoni, mguu mbaya utangulie. Uzito mwingi, mara chache, kupumzika vya kutosha kabla ya kurudia. "Hapa hatutafuti jasho," amesema. "Tunatafuta nguvu."

Mei 19

Ngazi. Bandu bandu.

Mei 21

Ameinuka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na makoti ya watu begani, nimetoka kazini, sijavua hata viatu. Alikuwa mkekani peke yake, hakunisubiri. Goti likatetemeka, nikasema moyoni sasa anarudi. Hakurudi. Alisukuma akatoa mlio kama mtu anayehamisha kabati, na akawa amesimama, ameshika kiti, ananitazama.

"Usimwambie kaka yako," akasema. "Na hayo makoti unayaburuza."

Mei 25

Jua siku nne mfululizo. Kaka kapiga simu, anakuja kesho. Tangu ile ya kwanza, Mama ameinuka mara nyingine mbili na ameshindwa mara moja. Nimemwambia asijaribu leo, apumzishe misuli. Amekubali, lakini amezunguka nyumba nzima akifuta vumbi lisilokuwepo.

Mei 26

Kaka amefika kabla ya mchana, viatu vikavu. Mkononi alikuwa na sanduku kubwa, jipya, tupu. Akaliweka karibu na mlango, na sisi watatu tukajitahidi kutolitazama.

Alikula, akasifu chakula, akauliza habari za bati. Mama ndiye aliyekata maneno. "Tumalize lililokuleta." Akatandika mkeka mwenyewe, akavuta kiti cha mbao akakiweka mahali pake, akashuka chini.

Kaka alikaa ukingoni mwa kochi. Nilimwona anavyomtazama Mama akiwa sakafuni, na nikajua anaona nini. Mimi nilisimama kando yake, mikono nyuma.

Mama akajigeuza. Akapiga magoti. Akatambaa mpaka kitini, na safari hii hakutukana, kwa sababu ya mgeni nadhani. Viganja juu ya kiti. Mguu mbele. Akasukuma.

Goti likaanza kutetemeka.

Kaka aliruka. Sijui kama alijua ameruka. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuelekea kwapani kwa Mama, na angefika. Nikamdaka kifundo cha mkono. Kaka ni mtu mkubwa, utotoni alikuwa akinibeba begani na ndoo ya maji mkono mwingine. Akajivuta. Hakutoka. Akanigeukia kwa mshangao, akajivuta tena kwa nguvu zaidi, na mimi nikamshikilia palepale, mkono haukutikisika.

"Ataanguka!"

"Mikono nyuma, Kaka."

"Niache, anaanguka!"

"Haanguki. Mwache."

Nguvu hii niliichukua kwa Mama, jioni baada ya jioni, mvua ikipiga bati. Leo nimemrudishia.

Mama hakuwa akitusikia. Goti lilitetemeka mahali pale pale, likakaa, likakaa, kisha kitu ndani ya mguu kikaamua. Akatoa ule mlio wa kabati. Kiti kikasogea kidogo. Akawa juu.

Nilimwachia Kaka mkono, umebaki na alama za vidole vyangu. Aliketi kwenye kochi akafunika uso, mabega yakatikisika, na Mama akamwacha alie anavyotaka.

Alipomaliza, Mama akamwambia, "Haya. Zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Keti mkekani, uinuke."

Kaka akacheka, akaketi. Akajaribu kuinuka na tumbo lile la ofisini. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akashika kiti, kiti kikamkimbia. Akaninyooshea mkono. Nikaufuata, na Mama akasema bila hata kunitazama, "Mikono nyuma." Kaka alitumia muda mrefu kuliko Mama. Tulivunjika mbavu, yeye zaidi.

Ameondoka na sanduku lake. Si tupu: Mama ametia ndani mifuko miwili ya mchanga na kamba zake, akamweleza namna ya kuvaa. "Polepole na mzigo," alikuwa akimwambia mpaka mlangoni, "halafu haraka bila mzigo. Na likiwa rahisi, limeshakufa."

Niliporudi ndani Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, bila mkoba. Jua bado lilikuwa dirishani. Nikakusanya sahani.

"Acha sahani," akasema. "Njoo."

Nikaenda ubavuni kwake, pale pa siku zote. Akainua mkono wake kidogo, akaniachia nafasi.

"Mama, zoezi limekwisha."

"Ndiyo maana," akasema. "Sasa nishike tu."

Nikamshika, na hakuna aliyeinuka.